Nilimzimia Sauti Mke Wangu Akinitangazia Mpira

Mama mshauri, shikamoo. Naandika barua hii nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu nje ya ghala la baridi ninakofanya kazi, glavu nimezivua ili niweze kubonyeza simu, na nakuomba sana unisaidie kabla ya fainali ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu nimemkosea mke wangu kosa ambalo sijawahi kusikia mwanamume mwingine amelifanya, na kila nikitaka kumwambia mdomo unakuwa mzito.

Mimi ni fundi wa majokofu makubwa, yale ya kuhifadhia matunda na nyama, nyumbani wananiita Fundi Baridi, na mwaka huu kampuni imenileta nchi ya mbali kwa mkataba wa miezi kumi, nimeshamaliza sita. Kazi sina shida nayo. Shida yangu ilikuwa mpira. Mimi ni mtu wa timu ya reli tangu sijaota meno ya ukubwani, hata siku ya harusi yangu nilikuwa na redio ndogo kwenye mfuko wa koti na bibi harusi alijua akanyamaza, na nilipofika huku, Jumamosi ya kwanza nikafungua simu nitazame kituo cha nyumbani kinachoonyesha ligi yetu, nikaandikiwa kwamba huduma hii haipatikani mahali ulipo. Nikajaribu tena, nikazima simu nikaiwasha, nikajaribu tena. Mama, nilikaa kitandani nikajiona kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe huku anasikia watu ndani wanacheka.

Nikampigia mke wangu kumlalamikia. Yeye ni mshonaji, anashona sare za shule, na mpira alikuwa haujui hata kidogo, kwake mpira ulikuwa ni ule muda ambao mimi nikiitwa siitiki. Aliposikia sauti yangu ilivyonyong'onyea akasema, "Subiri." Akachukua lastiki ya kiuno cha sketi, akaifunga simu kwenye kichwa cha cherehani, kamera ikaelekea kwenye televisheni, akanipigia kwa video. "Unaona?" Nikamwambia naona. "Haya, tulia." Na yeye akakaa nyuma ya cherehani, kioo cha simu kikiwa upande wake, kwa hiyo mimi nilikuwa nauona uwanja na yeye alikuwa ananiona mimi.

Picha ilikuwa ya kubahatisha. Mara wachezaji wanaganda, mara uwanja mzima unakuwa rangi ya kijivu, na mpira wenyewe ndiyo usiseme, huuoni kabisa. Basi akaanza kuniambia kinachoendelea. Mwanzoni alikuwa anasema "yule wa bluu amempa mwenzake, mwenzake kaanguka, sijui anaumwa au anadeka," nikawa nacheka mpaka mwenzangu wa chumbani, mchomeleaji, anauliza kuna nini. Lakini mke wangu ana tabia moja, kitu akikishika hakiachi mpaka akijue, na baada ya mwezi mmoja akaniuliza kuotea ni nini, nikamweleza nikashindwa, akaenda kwa kinyozi jirani yetu, mshabiki mkubwa wa timu ya saruji, wakakaa na chupa za mafuta ya nywele wakizipanga mezani, akarudi akanieleza yeye mimi. Nikakuta kuna kipande nilikuwa sikijui, na nimetazama mpira miaka yote hii.

Na jinsi anavyotangaza, Mama, natamani ungemsikia. Anasema kwa lugha ya kazi yake. Kiungo wetu ambaye akipata mpira hataki kumpa mtu, akasema, "Huyu anashona vizuri lakini hajui kukata uzi." Siku nyingine tunacheza na timu ya mji mkuu, dakika ya kumi tu akasema, "Beki wao wa kushoto ameshonwa kwa haraka, pale patapasuka," na dakika ya thelathini pakapasuka palepale, goli. Nilipiga kelele nikamwambia mchomeleaji, unamsikia mke wangu, unamsikia? Nilikuwa najivunia vibaya sana. Sitanii, hakuna mtangazaji wa redio ninayemweka karibu naye.

Sasa ndiyo nafika kwenye aibu yangu. Mchomeleaji aliniona nimekodolea ile picha ya kijivu akanionea huruma, akaniwekea kwenye kompyuta programu inayoifanya mashine ionekane kama iko nyumbani, nikafungua kituo chetu, na hiyo hapo, picha safi, majani ya uwanja unayaona, jasho la golikipa unaliona. Nilifurahi nikasahau mengine yote. Lakini mke wangu alikuwa ameshanipigia, simu ameshaifunga kwenye cherehani, nikaona siwezi kumkatisha, nikaegemeza simu kwenye birika na kompyuta nikaiweka pembeni, nikawa natazama kompyuta huku namsikiliza yeye. Tatizo ni kwamba picha ya kompyuta inachelewa, kama nusu dakika na zaidi, ukilinganisha na televisheni ya nyumbani, kwa hiyo kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja yeye anapiga kelele "Limeingia! Limeingia!" na utamu wote umekwisha kabla sijaona kitu. Nikavumilia kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili nikashusha sauti ya simu mpaka mwisho.

Nilijiambia ni siku hiyo tu. Ikawa wiki tano.

Nilikuwa navaa visikilizi vya kompyuta masikioni ili yeye asisikie yule mtangazaji mwingine, na aliponiuliza mbona siku hizi navaa vitu masikioni nikamjibu ni ili nimsikie yeye vizuri zaidi. Aliponiuliza mbona natazama pembeni nikamwambia simu imekaa vibaya. Kila baada ya muda nilikuwa nasema "ehe," "kweli kabisa," "umeona, eh," ili ajue nipo. Na kwa kuwa nilikuwa nashangilia magoli nusu dakika baada yake, yeye akaamini kwamba mtandao wa nyumbani kwetu ni mbovu, akahesabu, anapenda kupima vitu, akaniambia, "Fundi wangu, goli linatoka hapa mpaka likufikie nahesabu hadi arobaini." Badala ya kumwambia ukweli nikamwambia ndiyo, mtandao. Wiki iliyofuata alikuwa amesukuma cherehani, meza ya kukatia na televisheni hadi barazani, na waya mrefu ameuvuta kupitia dirishani, kwa sababu aliambiwa pale nje mtandao unashika vizuri. Kazi zake za Jumamosi akawa anazimaliza Ijumaa. Ningemwambia saa ngapi? Niliona nikimwambia atajiona hahitajiki, nikaona kunyamaza ndiyo kumhurumia.

Halafu ikaja nusu fainali, sisi na timu ya saruji. Tulishinda mbili kwa moja. Nilitazama mechi yote kwenye kompyuta, niliruka, nilimkumbatia mchomeleaji, na mwisho nikapandisha sauti ya simu nimuage mke wangu. Kwenye simu niliona meza yake ya kukatia, kitambaa cha kijani na vifungo vimetapakaa. Nikamwambia, "Mke wangu, leo picha ilitoka safi kuliko siku zote, kama vile niko uwanjani. Naona umesharudi kwenye kazi." Akaanza kuokota vifungo kimoja kimoja. Akasema, "Ndiyo. Nimesharudi kwenye kazi." Akaniaga vizuri tu, sauti yake imekauka, nikadhani ni mafua.

Siku tatu baadaye dada yangu mdogo, ambaye anakaa naye, akanitumia ujumbe wa sauti, anamsifia wifi yake. Nilikuwa ndani ya ghala nabandua barafu kwenye koili, nikasimama nikasikiliza, na mpaka leo maneno yake nayajua kwa moyo. Alisema, "Kaka, una mke wewe. Umeme umekatika dakika ya kumi na nane, mtaa mzima, televisheni giza, mimi nikamwambia wifi mkatie kaka simu, atasoma matokeo baadaye, akasema sikati. Kinyozi akatoka na redio yake ya betri, na mteja nyuma yake kanyolewa upande mmoja. Wifi akatandaza kitambaa cha kijani cha sare, akachora uwanja kwa chaki, akaweka vifungo kumi na moja vya bluu na kumi na moja vyeupe, bobini mbilimbili ndiyo magoli, akaigeuza simu itazame mezani. Redio inasema, yeye anasogeza na kukuelezea. Dakika sabini na zaidi, kaka! Watu wamejaa barazani, hakuna aliyetaka kusikiliza redio, wanasikiliza wifi. Kinyozi timu yake imefungwa na bado anampigia makofi. Na ulivyoruka kwenye goli la pili, wifi ametoka machozi, anatuonyesha simu, anasema, 'Ameona! Ameona!'"

Mama mshauri, nilitoka ghalani nikakaa chini. Mlango wa ghala niliuacha wazi mpaka kengele ikalia.

Hajaniambia neno. Jumamosi iliyofuata, mechi ya ligi, alinipigia saa ileile, simu ameifunga palepale, televisheni inaonekana, lakini yeye kimya. Kompyuta sikuifungua siku hiyo, sauti ya simu nimeiweka juu, na nikawa nasikia cherehani tu, anashona. Nikamuuliza, "Mbona leo huniambii kitu?" Akasema, "Si unaona?" Jumamosi iliyopita ikawa hivyohivyo. Akipigiwa siku za kazi anapokea, anajibu, watoto wazima, nyumba salama, lakini ni majibu ya mtu wa mapokezi.

Mchomeleaji anasema ni mpira tu, nikae kimya, nikirudi na zawadi nzuri yatapita. Mimi kuna uongo umenijia kichwani na unanishawishi sana, nimwambie kwamba niliviona vile vifungo, kwamba ndiyo picha safi niliyoisifia. Angefurahi. Ni sentensi moja. Nimeshindwa kuisema na nimeshindwa kuiacha. Nifanye nini, Mama? Huyu mwanamke nilidhani namjua, kumbe nilikuwa namjua nusu, na sasa naogopa nimempoteza yule aliyekuwa anakaa nyuma ya cherehani.

Ni mimi,
Fundi Baridi, ugenini

*

Marahaba, Fundi Baridi.

Nianze na wale watakaosema huu ni utoto. Barua yako ilisomwa kwa sauti ofisini, na mpangaji wetu wa kurasa, mzee ambaye hajapata kumsifu binadamu tangu aajiriwe, alivua miwani akasema, "Huyo mama apewe kipindi redioni." Kwa hiyo hapa hakuna anayekucheka. Mtu aliye mbali na kwao hushikilia kitu kimoja, mwingine chakula, mwingine nyimbo, wewe timu ya reli, na kutaka kuiona ikicheza papo hapo wala si dhambi. Ile programu ya mchomeleaji nayo ulipaswa kuulizia kama inaruhusiwa huko uliko kabla ya kurukia, lakini hayo yako na wenye kituo, mimi siyo karani wao.

Sasa kaa vizuri kwenye kreti lako nikuambie.

Unaandika kwamba ulinyamaza kwa kumhurumia. Hapana. Ulinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi na picha ilikuwa tamu. Ungemhurumia ungemwambia wiki ile ya kwanza, "Mke wangu, nimepata njia ya kuona, lakini sauti yako inanitangulia, tufanyeje?" Na mwanamke aliyejifunza kuotea kwa chupa za mafuta ya nywele angekupatia dawa kabla ya kipindi cha pili. Angehesabu hadi arobaini ndipo atangaze! Wewe ulichofanya ni kumwachia asukume cherehani hadi barazani kutafuta mtandao ambao haukuwa na tatizo. Hilo la cherehani limeniudhi kuliko visikilizi. Umewahi kusukuma cherehani ya miguu wewe? Mimi nimewahi.

Nakukaripia, lakini najua ninachokisema, kwa sababu na mimi nina yangu. Marehemu mume wangu alikuwa na tabia ya kunisomea gazeti nikiwa napika. Habari za barabara mpya, za mahakama, za watu nisiowajua. Nikawa namwitikia "ehe" huku akili yangu iko kwenye sufuria. Siku moja katikati ya habari akasema, kwa sauti ileile ya kusomea, kwamba mke wake, yaani mimi, amefariki jana na maziko ni kesho. Nikasema "ehe." Akalikunja gazeti akatoka nje. Wiki tatu alisoma kimoyomoyo, na jikoni pakawa kimya mpaka nikawa naangusha vifuniko makusudi. Niliyamaliza kwa kumfuata na kumwambia sikuwa nasikiliza, tangu zamani sikuwa nasikiliza, na kimya kinanitesa. Alicheka, lakini hakucheka siku ileile.

Kwa hiyo hiyo "si unaona" naielewa. Mchomeleaji wako haielewi. Mwambie asante kwa programu na mwombe abaki kwenye kuchomelea.

Kuhusu ule uongo wa vifungo. Fundi, usithubutu. Kwanza hautafika popote, kwa sababu ulimwambia "naona umesharudi kwenye kazi." Mtu aliyetazama vifungo ishirini na viwili vikicheza mpira kwa dakika sabini hasemi hivyo. Mkeo ameshapima, amekata, ameshona, anajua. Alichobakiza ni kukusubiri wewe umwambie. Lakini hata kama ungefika, ningekukataza. Siku ile alipoitumia sauti yake yote kukuonyesha mechi gizani, aliamini jambo moja. Aliona uso wako kwenye simu, akaona unaruka, akawaambia majirani umeona. Dakika chache baadaye ukamwonyesha kwamba hukuona. Sasa ukitaka kumrudishia ile furaha kwa kumdanganya mara ya pili, utakuwa unamzimia sauti tena, na safari hii ni mbele ya uso wake.

Nikuambie pia nilichokiona mimi, ambacho kwenye barua yako umekipita mbio. Umemsifu sana mkeo, na unastahili kumsifu, na mimi namsifu pamoja nawe. Ila sijaona mahali ulipomwambia yeye. Umemwambia mchomeleaji, "unamsikia mke wangu," umeniambia mimi kwamba hakuna mtangazaji wa kumfikia, na sasa wasomaji wote wa gazeti hili wanajua habari ya beki aliyeshonwa kwa haraka. Mwenyewe uliwahi kumwambia? Au yeye anadhani alikuwa anakusaidia tu, kama mtu anayekushikia ngazi? Wenye baraza wanamjua, kinyozi anamjua, na amempigia makofi timu yake ikiwa imefungwa, hilo peke yake lilitakiwa kuandikwa. Aliyekuwa hamjui ni wewe, uliyekuwa na kiti cha mbele.

Halafu umemwita mtu wa mapokezi. Fundi, mtu aliyekata tamaa nawe hafungi simu kwenye cherehani Jumamosi mbili mfululizo. Amekasirika, ndiyo, na ana haki. Lakini bado anakupigia saa ileile na bado anakuwekea mpira wako mbele. Mlango hajaufunga. Amekaa tu nyuma yake.

Utafanya hivi. Usingoje Jumamosi, wala usimwambie siku ya mechi, maana utaharakisha umalize kabla ya filimbi. Mpigie kesho, muda ambao unajua hana sindano mkononi. Usiandike ujumbe. Kwa sauti yako, na sentensi ya kwanza iwe, "Wiki tano nilikuzimia sauti." Usianze na mtandao, usianze na ugeni, usimtaje mchomeleaji, usimtaje dada yako, maana yule binti alikuja kumsifu wifi yake na hapaswi kuingizwa kwenye kesi. Taja la visikilizi. Taja la birika. Taja kwamba alihama na meza kwa sababu ya uongo wako. Ukishamaliza, nyamaza. Usimwulize kama amekusamehe, kwani hiyo nayo ni kumwongezea kazi. Akitaka kukugombeza, akugombeze mpaka ashibe. Akikata simu, usipige tena siku hiyo.

Zawadi ukirudi nayo ni sawa, lakini iwe zawadi, isiwe faini.

Ya fainali mwachie yeye. Akitaka kukutangazia, kompyuta iwe imefungwa na visikilizi viwe sandukuni, na picha ikiwa ya kijivu uitazame hivyohivyo ya kijivu. Asipotaka, tazama kwenye kompyuta yako mwenyewe, mchana kweupe, yeye akijua, na usimnung'unikie mtu. Bingwa atapatikana tu, na wewe bado utakuwa na miezi minne ya kuishi kwenye simu na mkeo.

Lakini atakapokuwa tayari kuzungumza, iwe kesho au iwe mwezi ujao, mwombe kitu kimoja. Mwombe akichomoe kile kitambaa cha kijani, achore tena uwanja wake, na akuchezeshee ile nusu fainali upya, kuanzia dakika ya kumi na nane umeme ulipokatika. Yote, mpaka filimbi ya mwisho. Matokeo unayajua tayari, kwa hiyo hutakuwa na kazi nyingine ila kumsikiliza.